Fundo Jeusi Kwenye Pembe ya Bendera

Mtu aliyenifundisha kukunja bendera ya Taifa amezikwa Ushirombo wiki iliyopita. Habari ilinikuta asubuhi nikinawa uso uani kwangu hapa Ngokolo, kwa simu ya binti yake ambaye sikuwa nimemwona tangu akivaa sare za shule. "Shikamoo baba. Mzee ametutoka jana jioni, huku Katoro. Mama amesema kwa watu wa Shinyanga uambiwe wewe wa kwanza." Nikaitikia marahaba, nikasema poleni sana, nikauliza maziko ni lini. Simu ilipokatika nilibaki nimeshika kata ya maji mpaka mke wangu akauliza kama nimeona nyoka. Lililonichoma ni hilo neno "wa kwanza." Mjane yule angeniweka wa mwisho, au asinitaje kabisa, nisingekuwa na la kusema. Ninyi mnaosoma safu hii mmenizoea nikilalamikia barabara, bei ya pamba na vijana wasioamkia wakubwa. Leo nivumilieni, ninayemlalamikia ni mimi mwenyewe.

Kwa miaka mingi marehemu alikuwa tarishi katika ofisi ya serikali niliyokuwa naiongoza hapa mjini. Ofisi siitaji, maana kosa nitakalolieleza si lake, ni langu. Alikuwa Msumbwa mwembamba, Mkatoliki asiyekosa misa, mtu wa kubeba mafaili, kuchemsha chai na kufagia baraza. Hayo yote aliyafanya kama mtu anayepitisha muda. Kazi yake hasa ilikuwa bendera. Saa kumi na mbili asubuhi alipuliza filimbi na kuipandisha upesi. Saa kumi na mbili jioni alipuliza tena na kuishusha taratibu, mkono juu ya mkono. Waendesha baiskeli walishuka, akina mama wenye mabeseni ya nyanya walisimama na mizigo yao kichwani, hata mbwa wa barabarani nadhani walijua. Akishaifungua kwenye kamba hakuiacha iguse chini; aliilaza juu ya mikono yake miwili kama mtoto anayetoka kubatizwa. Hakuiweka kwenye meza iliyomwagikiwa chai. Ikichanika hata upana wa ukucha haikupanda mpaka ameitia sindano, na ikipauka alinisumbua mpaka niagize nyingine. Mhasibu wetu mmoja alikuwa akimtania, "Mzee, hicho si kitambaa tu? Hata nepi ingepepea hapo." Naye akajibu bila kugeuka, "Nepi yako haijawahi kusimamisha baiskeli barabarani." Vijana wapya waliochanganya rangi aliwapa somo lake moja: "Nyasi juu, maji chini. Ukiona maji yamepanda juu ya nyasi, ujue nchi imepata mafuriko." Kijani juu, bluu chini. Mtu asiyejua kusoma angeshika somo hilo. Mimi mwenye cheti cha kidato cha nne nililicheka.

Kuna siku moja nataka muijue kabla ya ile ya kosa langu. Taifa lilikuwa kwenye maombolezo na amri ilikuwa bendera ipepee nusu mlingoti. Saa moja na robo, nimefika tu, nikamwona tarishi mlangoni kwangu, kofia mkononi, jasho likimtoka. "Mkuu, nimekosea. Nimeipeleka nusu moja kwa moja. Inatakiwa kwanza ifike kileleni kabisa, ndipo irudi nusu." Nikamwuliza nani ameona. "Hakuna, mkuu. Nimekwishaishusha, nikaipandisha upya ilivyo sawa. Kosa la bendera ni dakika mbili tu, unashusha unafunga upya. Nimekuja kusema." Nikamwambia arudi kazini, asinipotezee muda kwa jambo lisiloonwa na mtu. Akasimama kidogo kama anayesubiri kitu kingine, kisha akaenda. Sasa najua alichosubiri. Alitaka kosa lake lipokelewe na mkubwa wake, liishe. Kwa mtu aliyezoea kuungama Jumamosi ili apokee Komunyo Jumapili, kosa lisilosemwa lilikuwa bado linapepea.

Mama yake mzazi alifariki Ushirombo siku ya Jumatano. Tarishi alikuja kuniomba siku nne. Nikamwambia nenda, hata barua usiandike, msiba hauna karatasi. Nilijiona mwema sana kwa maneno yale. "Na bendera, mkuu?" akauliza. "Nitaipandisha mwenyewe. Mtu mzima nimesoma, kamba moja itanishinda?" Akacheka kidogo, machozi yangali machoni. "Ninyi Wasukuma hamshindwi na kitu mpaka kiwashinde. Lakini hii mpya iliyoletwa juzi fundi ameishona vitanzi vinavyofanana, cha juu na cha chini. Si kama ile ya zamani. Njoo mara moja kabatini nikuonyeshe." Nilikuwa na simu sikioni, nikizungumza jambo ambalo leo silikumbuki hata kidogo. Nikampungia mkono awahi basi.

Alhamisi niliipandisha, na ama ilikuwa sawa ama hakuna aliyeitazama, siwezi kuapa. Ijumaa tulitarajia ugeni wa mkubwa mmoja kutoka juu. Siku hiyo nilichelewa. Nilifika saa mbili kasoro, nikaitoa bendera kabatini, nikaifunga kama mtu anayeanika shuka, nikaivuta bila filimbi huku nikiwaza chai ya wageni. Hewa ilikuwa imetulia, bendera ikaning'inia imegandamana na mlingoti, huwezi kujua lipi juu lipi chini. Lakini upepo wa kwetu huamka jua likipanda. Gari la mkubwa liliposimama uani, upepo nao ukafika, bendera ikajikunjua mbele ya macho yake. Maji juu. Nyasi chini. Mkubwa hakusalimia mtu. Akanyoosha kidole. "Nani anapandisha bendera hapa?"

Nimelirudia jibu langu mara nyingi kuliko nilivyorudia sala zangu. Nilisema, "Tarishi, mheshimiwa." Hakuna neno la uongo hapo. Tarishi ndiye aliyekuwa akipandisha bendera pale, miaka yote. Mkubwa hakuuliza ni nani aliyeipandisha asubuhi ile, nami sikumwongezea. Wahasibu wawili na katibu muhtasi wangu walikuwa barazani, nao walijua tarishi yuko msibani. Wote watatu walitazama viatu vyao. Mkubwa akasema, "Huyo asionekane hapa tena. Aandikiwe leo." Nikasema, "Ndiyo, mheshimiwa." Kumwandikia hakukuwa kazi, kwa sababu pamoja na miaka yake yote, marehemu alikuwa bado kwenye orodha ya watumishi wa muda. Barua ya mistari minne ilitosha: ameondolewa kwa kutoiheshimu bendera ya Taifa. Iliandikwa kwa mashine mpya, ikatoka safi, nikaitia saini yangu ndefu niliyokuwa nikijivunia.

Jumatatu alirudi, kichwa kimenyolewa kwa msiba, viatu vingali na udongo wa Ushirombo. Aliisoma barua amesimama. Alisoma polepole, midomo ikicheza, akarudia mwanzo. "Mkuu, Ijumaa nilikuwa nazika."

"Najua ulisafiri."

"Ulinipa ruhusa wewe mwenyewe, hapa hapa."

Hapo bado ningeweza kuwa mtu. Mlango ulikuwa umefungwa, tulikuwa wawili tu. Ningemwambia nimeogopa, nisamehe, nitaandika barua nyingine. Badala yake nikasikia kinywa changu kikisema, "Ruhusa yako iko wapi kwa maandishi?"

Alinitazama, si kwa hasira. Alinitazama kama mtu anayesoma tena mstari ambao hakuuelewa. "Sawa, mkuu," akasema. "Wewe una barua, mimi sina. Naomba tu niishushe jioni ya leo, kisha niende." Nikamkubalia, kana kwamba namfanyia hisani.

Jioni ile watumishi walitoka mapema kuliko kawaida, kila mtu na udhuru wake. Nilibaki dirishani. Akapuliza filimbi, baiskeli zikasimama barabarani, akaishusha taratibu kama siku zote, akaja nayo ofisini juu ya mikono yake miwili. Nilipoipokea akanishika kidole gumba akakipeleka kwenye pembe moja ya kitambaa. Kilikuwepo kifundo kidogo cha uzi mweusi, kama punje ya ulezi. "Pembe yenye fundo ndiyo ya juu. Nilikishona siku ileile ilipoletwa, ili hata macho yakigoma kidole kijue. Nilitaka kukuonyesha. Ulikuwa kwenye simu." Halafu akavaa kofia yake akaondoka. Nilipostaafu miaka michache baadaye nilifanyiwa sherehe, nikapewa saa kubwa ya ukutani na risala iliyonisifu kwa uadilifu. Saa hiyo iko sebuleni. Mke wangu hajui kwa nini kila betri ikiisha nachukua miezi kununua nyingine.

Nimeishi vya kutosha kuona jinsi kosa linavyotembea katika kazi zetu. Sifa hupanda ngazi, kosa hushuka ngazi, na chini kabisa yupo mtu mwenye ufagio asiye na pa kulishushia. Daraja likibomoka hushikwa mlinzi wa saruji. Faili likipotea huulizwa aliyelibeba, si aliyelisoma. Tunamfukuza, tunanawa mikono, kisha tunasimama wima filimbi ikilia, na tunaitana wazalendo. Nami sisemi heshima kwa bendera ni upuuzi, msinielewe vibaya. Marehemu angefufuka anikemee. Alikuwa akisema wasiokutana popote, tajiri wa dhahabu na muuza karanga, husimama pamoja dakika ile moja. Lakini mimi nilikisimamia kitambaa nikamkanyaga mtu aliyekitunza, na sijui ni bendera gani duniani inayoheshimiwa hivyo.

Aliondoka Shinyanga kwa sababu ya aibu. Kwenye jumuiya yao hapa Ngokolo watu walianza kunyamaza akiingia. Alienda Katoro, na kwa miaka alikaa akilinda duka la sululu, kamba na makarai ya wachimbaji, mali ya mfanyabiashara wa Kihindi ambaye babu yake alizikwa Tanzania hii hii. Nilikwenda huko mwaka mmoja kwenye harusi ya mpwa wangu, nikamwona mlangoni kwenye stuli. Nikasema "Mwangaluka," salamu yetu ya asubuhi, naye akanyanyuka haraka, "Mwangaluka, mkuu," kana kwamba bado ananibebea mafaili. Mwenye duka akatoka kunisalimu. "Huyu mzee wako ananigombanisha na wateja," akasema akicheka. "Sikukuu nilitaka nitundike bendera hapo mbele, kanikatalia. Eti kibali kiko wapi, na nani atakayeishusha jua likizama. Duka langu, bendera nimenunua mwenyewe, bado nikashindwa!"

Tukiwa bado tunacheka, ikasimama bodaboda yenye bendera ndogo nyuma, imepauka, imebaki nyuzinyuzi. Marehemu akaiendea. "Mwanangu, hiyo imekwisha. Itoe, uikunje."

Yule dereva akamtazama kuanzia kofia mpaka kandambili. "Wee Bluu Juu, niache. Si wewe uliyepindua nchi Shinyanga? Leo unanifundisha mimi?" Wenzake kijiweni wakapasuka kwa kicheko. "Mpigie filimbi, Bluu Juu!" mwingine akapaza sauti. Habari ilikuwa imemfuata kilomita zote zile, imekuwa jina. Marehemu alirudi kwenye stuli akakaa, akatengeneza mkunjo wa suruali yake. Nami nilikuwa nimesimama hatua tatu tu, na mdomo mzima.

Aliagiza chai mbili kwa mama lishe wa jirani. Tulipokunywa akasema, kwa sauti ya chini ili nisiaibike mbele ya mwenye duka, "Mkuu, kazi siitaki tena, nimezeeka. Nina neno moja tu. Siku utakayoweza, waambie watu wa pale kwamba haikuwa mimi. Hata mmoja akijua, inatosha." Nikamwambia, "Nitawaambia." Akaniamini. Nilijua ameniamini kwa namna alivyomaliza chai yake kwa mara moja. Nilirudi Shinyanga nikakuta sababu: fulani amehamishwa, fulani amekufa, nani atajali mambo ya zamani. Miaka ikapita juu ya ahadi hiyo kama magari juu ya mbwa aliyegongwa.

Mficha maradhi, wahenga walisema, kifo humuumbua. Sikujua kwamba kifo chenyewe kinaweza kuwa cha mwingine. Ushirombo tulifika watu wengi kuliko nilivyofikiri. Madereva wa bodaboda wa Katoro walikuja kwa msafara, matawi ya majani mabichi mbele ya pikipiki zao, na niliona kwamba hakuna hata mmoja aliyekuwa na bendera chakavu. Yule aliyemtukana siku ile, sasa mtu mzima mwenye kitambi, alileta bendera mpya iliyokunjwa vizuri, akataka ilazwe juu ya jeneza. "Mama, tumezoea kumtania, lakini huyu ndiye mwenye bendera." Mjane akaipokea kwa mikono miwili, akamrudishia vilevile. "Asante, mwanangu. Hiyo ina watu wake kwa sheria, sisi haituhusu. Alishasema mwenyewe. Mwekeeni msalaba wake." Dereva akaishika kifuani mpaka mwisho wa misa, hakujua aiweke wapi isiguse chini.

Kabla ya kwenda kaburini mama huyo akanijia na karatasi ya daftari. Ulikuwa wasifu wa marehemu, mwandiko wa yule binti. "Baba, tunaomba wewe usome. Ulikuwa mkubwa wake." Nikapitisha macho: kuzaliwa, kubatizwa, ndoa, watoto wanne, kazi. Kisha mstari huu: "Aliacha kazi ya serikali Shinyanga kwa sababu," na mbele yake nukta nukta mpaka ukingo wa karatasi. "Hapo tumeacha wazi," mama akasema. "Ya mitaani tumeyasikia, lakini yeye hakutuambia. Kila tukimwuliza alisema sababu anaijua mkuu wake, siku moja atasema mwenyewe."

Basi ndiyo maana niliambiwa wa kwanza. Kwa miaka yote mtu yule alibeba jina la aibu mbele ya mkewe na wanawe, na hakulitua juu yangu. Alinitunzia nafasi.

Nikasimama. Katekista ameinamisha kichwa, madereva wameshika kofia zao. Nikasoma kwa sauti yangu ya ofisini iliyobaki. Nilipofika kwenye zile nukta nilimwona binti ameinua uso. Nikasema, "kwa sababu ya umri." Nikaendelea na mstari uliofuata. Watu walitikisa vichwa, wakaridhika, umri ni sababu ya heshima. Binti akainamisha uso. Baada ya maziko mama yake alinishika mkono akasema, "Asante, baba. Umesoma vizuri." Nimetukanwa na watu wengi maishani mwangu, wala hakuna tusi lililowahi kuniingia kama shukrani ile.

Nilitaka kumrudishia karatasi nikashindwa, nikaitia mfukoni. Iko hapa mezani ninapoandika. Nimeijaza kwa kalamu ya wino, na sasa inasomeka hivi: Aliacha kazi ya serikali Shinyanga kwa sababu mkuu wake alifunga bendera juu chini, siku ambayo marehemu alikuwa anamzika mama yake kwa ruhusa halali, kisha mkuu huyo akamwachia yeye kosa na kumwandikia barua ya kumfukuza. Marehemu alikosea bendera siku moja tu katika utumishi wake, akairekebisha, akaja kusema mwenyewe. Gazeti likitoka nitapeleka nakala mbili kwa mkono wangu, moja katika ofisi ile, nyingine Katoro kwa mama. Sitegemei wanipokee kwa chai.

Ninyi mlio wadogo kwangu, na hasa mnaoweka saini chini ya barua, shikeni alilonifundisha tarishi wangu nikaona si la kuniambia. Ukiona umeifunga vibaya usitazame kama kuna aliyeona. Ishushe, ifunge upya, kisha useme. Ni dakika mbili. Mimi niliiacha yangu juu, maji juu ya nyasi, mpaka mwenye bendera akazikwa chini yake.